Mtoto anataka kulenga shabaha: mwongozo kamili kwa wazazi Waswahili walioko Ujerumani

Binti yangu alikuwa na miaka kumi aliporudi kutoka shule na kikaratasi mkononi: klabu ya kulenga shabaha ya mji wetu inakaribisha watoto Jumamosi, waje wajaribu. Mimi ni mtu wa Tanga. Bunduki nilizozizoea ni ya askari, ya mlinzi wa benki, na gobore la mzee mmoja jirani aliyekuwa akifukuzia nguruwe shambani. Nikasema hapana. Mama yake akaniambia, "Nenda ukaone kwanza, ndipo ukatae ukijua unachokikataa."

Nikaenda. Huu ni mwaka wa sita, nimeshasomea leseni ya msingi ya kuwasimamia vijana, na Jumatano jioni mwenye ufunguo wa chumba cha mazoezi ni mimi. Na kila nikienda kwenye harusi au msiba wa wenzetu, iwe Stuttgart au Frankfurt, hakosi mzazi wa kunivuta pembeni: "Eti mwanao anapiga bunduki?" Maelezo ninayompa huyo mzazi ni haya, ila hapa nayatoa yote, bila pilau kupoa.

Ni mchezo gani hasa

Kulenga shabaha kuna matawi mengi, lakini mtoto wa Ujerumani karibu kila mara huanzia kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, ambayo wenyeji huiita Luftgewehr. Haina baruti. Chini ya mtutu kuna chupa nyembamba ya hewa iliyoshindiliwa, kwa kawaida hadi bar 200, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi ya milimita 4.5. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, ingawa ulengaji shabaha kwa jumla ulikuwamo tangu 1896.

Shabaha nzima ina kipenyo cha milimita 45.5. Duara jeusi la katikati lina milimita 30.5, limeizidi kidogo tu sarafu ya euro 2. Alama ya kumi yenyewe ni nukta ya nusu milimita. Nusu! Ni kitone cha kalamu. Kwenye mashindano makubwa alama huhesabiwa kwa desimali: risasi ikiigusa nukta kwa ukingo tu ni 10.0, na kila robo milimita unayosogea ndani inaongeza moja ya desimali, mpaka 10.9. Watu wazima hupiga risasi 60 kwa dakika 75, kwa hiyo alama kamili ni 654.

Sasa msimamishe mtu wima, mikononi ana kilo nne au tano, haegemei kitu, na akitafute kitone hicho mita kumi mbele yake mara 60. Mzazi aliyekuja akihofia fujo za bunduki hukuta chumba kimya kama cha mtihani. Watoto wengi wanaoletwa kwetu kwa sababu "hawatulii" hugundua kwamba hapa kutulia ndiyo kazi yenyewe, na wengine huipenda. Wengine huchoka wiki ya tatu wakahamia mpira wa mikono. Si neno.

Sheria inasemaje kuhusu umri

Sheria ya silaha ya Ujerumani imepanga ngazi. Chini ya miaka 12 mtoto hutumia bunduki ya mwanga, Lichtgewehr, ambayo haitoi risasi yoyote. Inatuma mwali kwenye shabaha ya kielektroniki na taa inaonyesha alama. Akitimiza 12 anaruhusiwa bunduki ya upepo. Akitimiza 14 anaweza kuanza ile ndogo ya baruti, .22, ya mita 50. Yote haya ni klabuni, chini ya msimamizi aliyehitimu, na mzazi ama awepo ama awe ametia saini idhini. Usimtume mtoto na ujumbe wa simu, saini karatasi.

Kuna njia ya kumwombea ruhusa mwenye kipaji kabla ya miaka 12, kwa cheti cha daktari na barua ya klabu. Mimi siipendi sana. Bunduki ya mwanga inafundisha mambo yale yale, na mgongo wa mtoto wa miaka tisa hauna haraka.

Mtoto hamiliki bunduki. Mpaka afike miaka 18 silaha ni ya klabu au ya mzazi, na nyumbani inakaa ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo ambao mtoto hana. Usiichukulie hii kama urasimu wa Wajerumani. Machi 2009, kuanzia mji wa Winnenden karibu na Stuttgart, kijana wa miaka 17 aliua watu 15 kwa bastola ya baba yake. Baba alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha, na bastola ile alikuwa ameiacha chumbani mwake bila kuifungia. Baada ya hapo sheria ilikazwa, na sasa maofisa wanaweza kupiga hodi kwa mwenye silaha kukagua kabati bila kutoa taarifa. Kila mzazi mpya ninamsimulia habari hii usiku wa kwanza. Wawili hawakurudi, nami sikuwalaumu.

Kutafuta klabu

Andika kwenye simu yako neno Schützenverein na jina la mji wako. Kusini mwa nchi hii hata kijiji chenye duka moja huenda kina klabu. Shirikisho lao, Deutscher Schützenbund, liliundwa mwaka 1861 na lina wanachama zaidi ya milioni moja, kwa hiyo utakachokosa si klabu. Utakachotafuta ni klabu yenye watoto. Ukikuta vijana wawili na wazee arobaini, hao vijana wataondoka na mwanao atabaki na wazee. Wazee ni watu wazuri, lakini miaka 12 inataka miaka 12 wenzake.

Uliza siku ya mazoezi ya vijana, uliza kama wana bunduki fupi za watoto na makoti ya kuazima, kisha omba kukaa nyuma jioni moja utazame. Usiangalie alama. Mwangalie kocha pale mtoto anapogeuka na bunduki mkononi kujibu swali. Nimeona kocha akipaza sauti moja tu, "Simama!", akaenda, akaushika mtutu akaurudisha mbele, kisha akaeleza kwa upole. Nimeona pia, klabu nyingine, mtu mzima akicheka. Huko usirudi.

Kuna mambo ya kimila utakayoyakuta. Klabu hizi zina sare, gwaride, na mfalme wa walengaji anayevishwa mkufu wa fedha kila mwaka. Ukumbini kuna bia na soseji za nguruwe. Sisi tulisema mapema, bila kununa, kwamba sisi ni Waislamu. Tangu siku hiyo kwenye sherehe kuna sahani ya kuku pembeni, na mzee mmoja anailinda kuliko ninavyoilinda mimi. Watoto huwaita makocha kwa majina yao ya kwanza. Binti yangu, aliyefundishwa shikamoo kabla ya kujua kutembea vizuri, alikaa miezi miwili hamwiti kocha chochote.

Usalama kabla ya risasi ya kwanza

Kwetu mtoto hagusi bunduki mpaka aweze kunieleza haya kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kijerumani au kwa Kiswahili, mimi sijali:

Mdomo wa mtutu unaelekea shabaha, siku zote, hata kama bunduki haina kitu. Kidole kiko nje ya kifyatuo mpaka jicho limeona shabaha. Risasi inatiwa ukiwa umesimama mahali pako pa kupigia tu. Amri ya kusitisha ikitoka kinywa cha mtu yeyote, hata mtoto mwenzako, unaacha papo hapo. Ukiiweka bunduki mezani, komeo liwe wazi na uzi wa usalama upitishwe ndani ya mtutu.

Uzi huo ni wa rangi kali, machungwa au kijani, unaingia nyuma na kutokeza mbele. Ukiuona umetokeza, mtutu hauna risasi. Huhitaji kumwamini mtu. Ndiyo sababu naupenda.

Jambo la sita wazazi hulisahau. Kiswahili chetu kimeipa jina moja risasi ya bunduki na risasi ya madini, na hapa lugha haikukosea: hizi za upepo ni madini ya risasi kweli, laini, zinaacha weusi kwenye vidole. Ni sumu, hasa kwa watoto. Hakuna chipsi wala biskuti kwenye meza ya kupigia, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Jioni ya kwanza

Anza na jicho, kabla ya mkono. Mwambie mtoto anyooshe mikono yote miwili, atengeneze tundu dogo kwa viganja, na kupitia tundu hilo aitazame saa ya ukutani kwa macho yote mawili. Afumbe la kushoto. Kama saa bado ipo, jicho lake kuu ni la kulia. Ikitoweka, ni la kushoto. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia lakini jicho lake kuu ni la kushoto nampa bunduki ya kushoto tangu siku hiyo. Mwanzoni analalamika mwezi mmoja. Ukimwacha apigane na jicho lake, analalamika miaka. Jicho lisilolenga halifumbwi, maana kulikunyata kunachosha uso mzima. Linafunikwa kwa kibandiko cha plastiki, nalo linabaki wazi nyuma yake.

Kisha bunduki inawekwa juu ya egemeo. Asibebe uzito bado. Wiki nne hadi nane za egemeo zinamfundisha kuona na kufyatua, mambo mawili ambayo akiyachanganya na uzito hatalijua lolote kati ya yote matatu.

Anachotakiwa kuona ni duara ndani ya duara. Nyuma kuna kilengeo chenye tundu dogo, mbele kuna pete, na ndani ya pete hiyo duara jeusi la shabaha likae katikati, limezungukwa na ukanda mweupe ulio sawa pande zote. Pete ya mbele hubadilishwa. Mpe mwanzilishi pana, milimita 4 au zaidi. Watoto huomba nyembamba kwa sababu wamewaona wakubwa nayo, na ikiwa nyembamba weusi unaonekana kugonga kuta, mtoto anaogopa, anavizia, na akiona tu umefika katikati anakivuta kifyatuo kwa nguvu. Sita. Anatia nyingine. Tano.

Kusimama

Hapa ndipo penye kazi, na hapa sitafupisha.

Tuseme mtoto anatumia mkono wa kulia. Ubavu wa kushoto unaitazama shabaha, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamenyooka bila kukazwa. Nyonga ya kushoto inasogezwa kidogo mbele, upande wa shabaha, na kiwiko cha kushoto kinatua juu ya mfupa wa nyonga hiyo au juu ya mbavu, kutegemea urefu wa mkono wake. Mgongo unajipinda nyuma kidogo ili uzito wa bunduki urudi juu ya miguu. Bunduki inakaa juu ya ngumi, au juu ya vidole, karibu na kifyatuo. Mkono wa kushoto haunyanyui kitu. Ni nguzo tu, na mzigo unateremka: ngumi, kiwiko, nyonga, mguu, sakafu. Mtoto akikwambia msuli wa bega la kushoto unauma, nguzo imekatika mahali, itafute.

Kichwa kinabaki wima. Bunduki ndiyo iletwe kwenye shavu, shavu lisiifuate bunduki. Ikiwa anainamisha shingo kama anayechungulia tundu la mlango, kitako kimekaa chini mno, kipandishe.

Halafu jaribio ambalo nalirudia na kila mtoto, kila wiki, hata na walioshinda medali. Asimame, alenge, kisha afumbe macho. Avute pumzi mbili. Alegee. Afumbue. Pete iko wapi? Karibu kila mara si pale alipoiacha. Iko kulia, tuseme, kwenye ukingo wa shabaha. Hapo mtoto atataka kuisukuma kwa mkono irudi katikati, na atafanikiwa, kwa sekunde tano. Risasi ikitoka, msuli uliokuwa ukisukuma unalegea na mtutu unarudi kulia kwao. Dawa iko miguuni: asogeze mguu wa nyuma, sentimita moja au hata nusu, kisha afumbe macho tena. Anarudia mpaka akifumbua anaikuta pete imetulia juu ya weusi bila yeye kuombwa chochote. Binti yangu alitumia jioni nzima kwenye jambo hili, hakupiga risasi hata moja, akatoka amenuna. Wiki iliyofuata alama zake zilipanda, akanuna zaidi kwa kuwa nilikuwa sahihi.

Risasi moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Anapakia. Anatua shavu. Bunduki inashuka kutoka juu kuelekea weusi huku pumzi ikitoka. Pumzi inasimama yenyewe pale chini, bila kubanwa, na katika utulivu huo ana kama sekunde tano hadi nane nzuri. Kidole kimeshaondoa ulegevu wa kwanza wa kifyatuo. Kilichobaki ni uzito wa gramu mia hivi. Anaongeza mgandamizo taratibu huku jicho likiwa kwenye pete. Pete itacheza. Kwa kila binadamu inacheza. Asingoje isimame kabisa, maana haisimami.

Sekunde kumi zikipita na risasi haijatoka, ashushe bunduki apumzike, aanze upya. Kushusha ni ujuzi, nami nausifu kwa sauti kuliko ninavyosifu kumi. Mtoto anayeweza kushusha mara tatu mfululizo mbele ya watu ameshapita nusu ya safari.

Risasi ikishatoka, abaki vilevile, jicho kwenye pete, kidole nyuma, sekunde mbili au tatu. Risasi huruka kwa mwendo wa mita 170 hivi kwa sekunde, kwa hiyo inafika kwa kama sehemu sita za mia za sekunde, na kabla ya hapo ilikuwa bado inapita ndani ya mtutu wakati mtoto keshaanza kuinua kichwa kutazama skrini. Kichwa kile ndicho kinachokula alama.

Na kabla hajatazama skrini, ataje. "Saa tisa, tisa." Maana yake imeingia upande wa kushoto, alama tisa. Nasisitiza upande kwa saa ya Kizungu, kwa sababu siku moja mtoto wa rafiki yangu, aliyelelewa na bibi yake Lushoto, alinitajia saa tatu nami nikahangaika kurekebisha kilengeo upande usio wake! Mtoto anayetaja na kukuta skrini inakubaliana naye hahitaji kocha kumwambia kilichotokea. Skrini ikimkatalia mara tano mfululizo kwa namna ile ile, na msimamo wake ni mzuri, basi tunageuza kilengeo. Kabla ya hapo vidole vikae mbali na vile vifundo.

Zoezi moja: funika skrini kwa gazeti, apige kumi akitaja zote, wewe uandike. Kisha fungua mlinganishe. Watoto hulipenda kama mchezo wa kubahatisha.

Wiki ya kawaida

Jioni moja klabuni inatosha mwaka wa kwanza, mbili zikiwezekana baadaye. Robo saa ya mwanzo ni kufyatua bila risasi; bunduki za kisasa zina mpango wa kufyatuka tupu, na mtoto anaona mtetemo wake mwenyewe bila alama kumdanganya. Kisha risasi 30 au 40 zenye lengo moja tu la siku: leo pumzi, leo kubaki baada ya risasi. Mwishoni anaandika mistari mitatu kwenye daftari, na alama haimo kati ya hiyo mitatu.

Nyumbani bila bunduki kuna mengi: kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa wakati wa kupiga mswaki, mazoezi ya tumbo na mgongo, kulala mapema.

Mwezi wa Ramadhani mwambie kocha mapema. Sisi tunapunguza: mazoezi ya egemeo na ya kufyatua tupu, au tunakuja baada ya kufuturu. Mtoto aliyefunga na kusimama na koti zito anaweza kuona kizunguzungu, na kizunguzungu na bunduki havikai chumba kimoja.

Msichana anayevaa hijabu hana kizuizi chochote. Elaheh Ahmadi wa Iran alifika fainali ya bunduki ya upepo London 2012 akiwa nayo. Angalia jambo moja tu: kitambaa kikiingia kati ya shavu na kitako, kichwa kinakaa tofauti kila risasi na kinateleza. Ama kitambaa kinachobana kinachoishia pembeni ya shavu, ama kile kile, unene ule ule, kila mazoezi.

Usinunue kitu bado

Bunduki mpya ya mashindano inapita euro 2000 kirahisi. Watengenezaji Walther na Anschütz wako Ulm, Feinwerkbau yuko Oberndorf, zote ni kazi nzuri, na mtoto wa miaka 12 hana haja nazo. Atumie ya klabu. Kitu cha kwanza kununua ni viatu vyenye soli bapa, kisha glavu, kisha koti la mkono wa pili mwaka wa pili, maana anakua. Koti gumu linasaidia mgongo usichoke, lakini likiwa kubwa linamdanganya. Suruali ya kulengea ingoje.

Ukifika wakati wa bunduki iliyotumika, tazama tarehe iliyopigwa kwenye chupa ya hewa kabla ya kutazama kitu kingine. Watengenezaji huzipa muda wa matumizi, kwa kawaida miaka kumi, na chupa iliyopitwa ni mzigo unaosubiri kwenda kutupwa. Kila vuli rekebisha urefu wa kitako. Mtoto aliyeongezeka sentimita sita na bunduki ile ile huporomoka alama, na wazazi husema amekuwa mvivu.

Njiani bunduki inasafiri kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli. Na ukienda likizo nyumbani, iache Ujerumani. Nchi nyingi huihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha kamili, na hutaki kuanza likizo kwa kumweleza askari wa uwanja wa ndege kwamba hii ni ya michezo. Ndugu walioko Kenya na Tanzania wanaoniuliza nao nawaambia vivyo hivyo: anzeni kwa polisi na kwa klabu yenye kibali, msianzie dukani.

Mashindano

Mpaka miaka 14 watoto hupiga risasi 20, wa 15 na 16 hupiga 40. Anza na ya ndani ya klabu, kisha ya wilaya. Ngazi za juu kabisa zinaishia kwenye ubingwa wa taifa kule Hochbrück, nje ya München, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1972. Kabla ya hayo mpeleke akaone mechi ya Bundesliga ya bunduki ya upepo, watano kwa watano, kila mmoja na mpinzani wake. Huko watu wanapiga ngoma na kushangilia. Mtoto wangu hakuamini kwamba ni mchezo ule ule.

Siku yenyewe fikeni saa moja kabla. Ale kitu chepesi. Akisimama kwenye nafasi yake, asome namba ya njia kwa sauti, aisome na kwenye shabaha. Msione ni jambo la kitoto. Athens 2004, Matt Emmons wa Marekani alikuwa anaongoza fainali ya mita 50 mikao mitatu, imebaki risasi moja, akaipiga kwenye shabaha ya njia ya jirani. Sifuri, na kutoka dhahabu hadi nafasi ya nane.

Na mwanao akianza akiwa na miaka 13 au 14, usidhani amechelewa. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini aliishika bunduki mwaka 2021 baada ya kuvutwa na rafiki yake, akachukua dhahabu Paris 2024 akiwa na miaka 16. Alifungana na Huang Yuting wa China kwa 251.8, ikaamuliwa kwa risasi moja ya nyongeza: 10.4 dhidi ya 10.3. Robo milimita.

Wewe mzazi

Shindano la kwanza la binti yangu nilisimama nyuma yake, macho kwenye skrini, simu mkononi. Risasi ya nne ilikuwa saba. Sikusema neno, nilishusha pumzi tu. Katika chumba kile kimya alinisikia. Niliona bega lake likipanda, na saba zikaja tatu zaidi. Kocha alinigusa kiwiko akaniuliza kama ningependa kahawa.

Kwa hiyo kaa mahali ambapo hakuoni, au nenda ukanywe kahawa. Usimpigie hesabu. Usimwambie kocha kazi yake. Na kwenye gari mkirudi, usianze wewe kuzungumzia alama. Mwache aanze yeye. Siku ile binti yangu alinyamaza mpaka tulipokaribia nyumbani, kisha akauliza kama tunaweza kupita mahali akale chipsi. Tukapita. Alipomaliza nusu ya sahani ndipo akasema, "Ya tisa niliitaja sawasawa."